Maoni Yetu: Gazeti limefika simuni, bado halijafika Ngoliba

Wenye magazeti nchini Kenya wanasema wamehamia dijitali, na hawadanganyi. Nation.Africa ilianza kutoza wasomaji mapema 2021. The Standard na The Star huuza nakala za kielektroniki. Taifa Leo, gazeti ambalo wazee wetu walilijua kwa wino uliobaki vidoleni, lina tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii, na vichwa vyake vya habari huingia simuni kabla jua halijachomoza. Hatuna ugomvi na hilo. Tunauliza jambo moja tu: waliohama, wamehama na nani?

Swali hili tunaliulizia Ngoliba, na tuna sababu. Kata hii iko Kiambu, lakini si Kiambu ya kwenye picha. Ukitoka Thika mjini kwa barabara ya Garissa ukayaacha nyuma mashamba ya mananasi, majani chai na kahawa yameisha. Huku ni maembe, tikiti maji, na mahindi yanayongoja mvua isiyo na haraka. Mlima Kilimambogo, ambao ramani huuita Ol Donyo Sabuk, umesimama ng'ambo ya Mto Athi. Wakikuyu na Wakamba wanaishi hapa kwa kuchanganyika, na sokoni Kiswahili ndicho kinachoamua bei. Mageuzi ya magazeti yapimwe mahali kama hapa. Westlands, ambako mtu ana Wi-Fi ofisini na nyingine nyumbani, si kipimo cha chochote.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru. Thika Mashariki, iliyo na Ngoliba ndani yake, ilikuwa na watu 38,956. Yaani kwa kila mtu mmoja wa huku, Ruiru ina karibu kumi. Tarakimu hizo mbili zinaeleza mengi kuhusu habari unazozikuta ukifungua simu asubuhi. Mtangazaji wa mtandaoni hulipa kwa kubofya, na kubofya kunatoka penye watu. Nyumba za kupanga za Ruiru, msongamano wa Thika Superhighway na vurugu za wanasiasa wa Kiambu vina wasomaji. Kisima kilichokauka Ngoliba hakina.

Zamani hesabu ilikuwa tofauti kidogo. Gazeti la karatasi lilikuwa na tabia ya kufika mbali kuliko mnunuzi wake. Nakala moja ilinunuliwa na mwenye hoteli, ikasomwa na wanywaji chai wote, ikaenda kwa kinyozi, ikamalizikia buchani ikifunga nusu kilo ya nyama. Mjini wachuuzi waligundua hata biashara ya kukodisha: unatoa shilingi chache, unasoma umesimama palepale, unarudisha, na jioni nakala inarejeshwa kwa kampuni kama ambayo haikuuzwa. Wenye magazeti waliuchukia mchezo huo na walikuwa na haki kuuchukia. Ulikuwa wizi. Lakini ulikuwa wizi uliosomesha watu.

Tabia ya kusomeana ni ya zamani kuliko uhuru. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association (KCA) kilianzisha gazeti la Muigwithania, na mhariri wake akawa Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimjua kama Jomo, mtu wa Gatundu hapo juu. Waliojua kusoma walikuwa wachache, basi mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Ukoloni ulilipiga marufuku gazeti hilo mwaka 1940, na serikali haipigi marufuku kitu kisichosikika.

Simu imeivunja tabia hiyo ya kusomeana. Makala iliyofungwa kwa malipo haikodishwi kwa jirani. Unaweza kumsomea mwenzako, ndiyo, lakini kwanza uwe umelipa, uwe na bando, na mtandao uwe umeshika. Ndiyo maana watu wametafuta njia ya mkato, na njia hiyo kila mtu anaijua: faili la PDF la gazeti zima linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kabla hata mchuuzi hajafungua mzigo wake. Ni ule ule mchezo wa kukodisha, tofauti yake ni kwamba sasa nakala moja inasomwa na elfu moja na mchuuzi mwenyewe hapati hata senti.

Hatusemi kampuni za magazeti zilikuwa na njia nyingine. Hali yao ni mbaya, tena ni mbaya hadharani. Hisa ya Nation Media Group iliyouzwa kwa zaidi ya shilingi 300 mwaka 2014 haikufika shilingi 20 kufikia mwisho wa 2024. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilizindua kiwanda kipya cha kuchapa kwenye Barabara ya Mombasa, cha takriban shilingi bilioni 2, na mwaka huohuo ikafunga stesheni zake za redio Nation FM na QFM pamoja na runinga ya QTV. Mkono mmoja ulikuwa ukijenga, mwingine ukibomoa, na hakuna aliyekuwa na uhakika upi ulikuwa sahihi. People Daily, lililotokana na gazeti la Kenneth Matiba, lilianza kutolewa bure mwaka 2014. Kisha ikaja korona. Hoteli na ofisi zilizokuwa zikichukua magazeti kwa jumla ziliacha 2020, na nyingi hazikurudi. Wanahabari walifutwa kwa makundi. Matangazo yalikuwa yamekwisha kwenda kwa Google na Facebook, ambazo hazina mwandishi hata mmoja Thika.

Serikali nayo haina mikono safi. Tangu 2015 matangazo ya wizara na mashirika ya umma hupitia wakala mmoja wa serikali, na wakala huyo amekuwa akidaiwa na vyombo vya habari mabilioni ya shilingi. Gazeti linalodai serikali haliwezi kulipa mwandishi wake. Na gazeti linalosubiri hundi ya serikali linafikiri mara mbili kabla ya kuandika. Sisi tuliomo katika kazi hii tunajua ni hofu ya aina gani.

Basi sababu tunazielewa. Tunachokataa ni namna hasara ilivyogawanywa. Kilichopunguzwa kwanza ni mwandishi wa mashinani.

Mwandishi huyu, yule tunayemwita korespondenti, hakuwahi kuwa na maisha mazuri. Kwa miaka mingi Kenya imemlipa kwa urefu wa habari iliyochapishwa, kwa sentimita, na habari iliyokaa kwenye meza ya mhariri bila kutumika haikumpa kitu. Nauli yake, simu yake. Aliyeko Thika mara nyingi hubeba mzigo wa Thika, Ruiru, Juja na Gatundu peke yake. Sasa fikiria uamuzi anaoufanya asubuhi. Akienda Ngoliba atatumia nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima, apate habari ya mkulima mmoja na mto mmoja. Akibaki mjini ataandika habari tatu: mwanasiasa kasema, mwanasiasa kajibu, mahakama imeahirisha. Tovuti inataka tatu. Hata sisi tungebaki mjini.

Na huo mto ni habari kubwa. Athi unapofika Fourteen Falls, mahali ambapo watalii walikuwa wakipiga picha, umebeba taka za Nairobi. Povu huonekana kwa macho na harufu haihitaji maabara. Maji hayohayo ndiyo wakulima wa kingoni wanayapampu kumwagilia nyanya, na ndiyo yanayoteremka kwenda kwenye bwawa la Thwake linalojengwa chini huko Makueni. Nyanya zinarudi sokoni Thika na Nairobi. Taka imeenda matembezi na kurudi nyumbani. Habari hiyo imewahi kuandikwa, hatukatai, lakini huandikwa kwa msimu, mgeni mashuhuri anapotembelea au video inaposambaa. Hakuna anayeifuata mwezi kwa mwezi, achukue sampuli, aulize kiwanda gani kina kibali gani, arudi tena. Kazi ya namna hiyo haitokani na mtu aliyeketi Nairobi akitazama ni kichwa gani kinabofywa.

Lipo jambo la pili ambalo wengi hawalioni, na kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la kwanza: matangazo ya umma. Hatuzungumzii matangazo ya sabuni. Tunazungumzia yale ya maandishi madogo kurasa za nyuma ambayo vijana huyaruka. Dalali anapotaka kunadi shamba la mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, kanuni zinamtaka atangaze gazetini, ndiyo maana Jumatatu kurasa hujaa minada. Mradi unaohitaji tathmini ya mazingira hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, kwenye gazeti linalosomwa eneo husika, na redioni. Kaunti inapotaka maoni ya wananchi kuhusu bajeti au mswada wa fedha, hulipia ukurasa. Kwa sheria, tangazo likishachapishwa wewe umeambiwa. Kama hukuliona ni shauri yako.

Sheria hizi zilitungwa wakati gazeti lilikuwa linazunguka hotelini hadi kwa kinyozi. Leo nakala zinazofika huku ni za kuhesabu kwa vidole, na upande wa simu unakutana na kidirisha kinachodai ulipe kwanza. Maana yake ni kwamba mtu wa Ngoliba anaweza kunadiwa shamba lake, akajengewa machimbo ya mchanga mlangoni, akapandishiwa ada ya kibanda sokoni, na kila hatua ikawa imetangazwa sawasawa na sheria, mahali ambapo yeye hafiki. Jarida la serikali la MyGov limezidi kulibana jambo hili. Lilikuwa likisambazwa ndani ya magazeti kadhaa. Mwaka 2024 kazi hiyo ikakabidhiwa The Star peke yake. Hatuna neno na The Star. Lakini mchuuzi wako asipoliuza gazeti hilo, matangazo ya serikali yako yamekupita.

Linganisha na Gazeti Rasmi la Serikali, lile la kila Ijumaa lenye notisi za mirathi na hati za ardhi zilizopotea. Linasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na unaweza kutafuta humo jina la marehemu au namba ya kiwanja. Serikali, yenye sifa ya ukiritimba, imefungua mlango ambao magazeti ya biashara yameufunga. Hili linatutia haya.

Kwa hiyo tunasema wazi. Tangazo lolote ambalo sheria imelazimisha litolewe, na ambalo gazeti limelipwa kulitoa, lisifungwe kwa malipo mtandaoni. Limekwisha lipiwa. Liwekwe kwa maandishi yanayotafutika, lipangwe kwa kaunti na kwa kata, na libaki hapo hata baada ya mnada kupita. Gazeti halitapoteza shilingi. Huenda likapata wasomaji ambao hawakuwa na sababu ya kuingia kwenye tovuti hiyo kabla, kwa kuwa mtu anayekuja kuangalia shamba la jirani yake husoma na habari nyingine akiwa hapo.

Na kaunti isijifiche nyuma ya gazeti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 95, inaitaka iwasiliane na wananchi kwa njia zinazowafikia wengi, na inazitaja: runinga, tovuti, redio za jamii, mikutano ya hadhara, pamoja na njia za asili. Watu wa Thika na viunga vyake wanasikiliza redio za Kameme na Inooro kutwa. Upande wa Wakamba kuna stesheni za Kikamba. Ukurasa mmoja wa rangi kwenye gazeti la Nairobi, halafu tiki kwenye fomu kwamba wananchi wamehusishwa, ni ujanja, na wakaguzi wa bajeti wangepaswa kuuita hivyo.

Kuhusu bei, tutakuwa wafupi. Mkenya hununua mafuta ya kupikia ya shilingi kumi kwenye chupa ya maji. Tunauita uchumi wa kadogo na tunauishi. Kwa miaka mingi Daily Nation iliuzwa shilingi 60, na ukikosa sitini ulikosa gazeti zima. M-Pesa ipo tangu 2007. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia kuuza habari moja au siku moja kwa bei ya peremende mbili, kwa bonyezo moja, bila kumtaka msomaji afungue akaunti, abuni neno la siri na kuthibitisha barua pepe ambayo hana. Magazeti yameiga The New York Times, iliyoanza kutoza mwaka 2011 na sasa ina wateja wa kidijitali zaidi ya milioni kumi. Hao ni wasomaji wenye kadi za benki. Wetu wana salio la simu.

Kurasa zenyewe ni nzito mno. Msomaji wa Ngoliba hununua bando kwa megabaiti, kisha nusu yake inaliwa na video inayojicheza yenyewe na tangazo la kamari lililofunika habari. Mhariri anayetaka kujua kwa nini wasomaji wa mashambani hawafiki mwisho wa makala aazime simu ya shilingi elfu tano, aende nayo mahali palipo na baa moja ya mtandao, afungue tovuti yake mwenyewe.

Kuna kundi jingine ambalo dijitali ingelifaa kuliko mtu yeyote, nalo limesahaulika. Thika ina Shule ya Wasioona, iliyoanzishwa na Salvation Army mwaka 1946. Waliopita pale hawakuwahi kulisoma gazeti la karatasi wenyewe, ilibidi wasomewe. Simu yenye programu ya sauti imewafungulia dunia, mradi habari iwe ni maandishi. Nakala ya kielektroniki ambayo ni picha tu ya ukurasa, kama nyingi zilivyo, kwa programu hiyo ni ukuta mweupe. Kampuni ikiuza picha ya ukurasa na kusema imeingia dijitali, imeuza karatasi ileile bila karatasi.

Pamoja na haya yote hatuoni kwamba karatasi imekwisha, na wanaoharakisha maziko yake watazame mambo mawili matatu. Kila uchaguzi wa Kenya unapokaribia, kurasa za kwanza bandia za Nation, The Standard na Taifa Leo huzagaa mitandaoni, zikiwa na nembo kamili na kichwa cha uongo. Anayetaka uongo wake uaminiwe anauvika sura ya gazeti. Hauviki sura ya bloga. Uaminifu huo ulijengwa kwa karatasi, kwa miaka mingi: The Standard ilianzia Mombasa 1902, Taifa Leo imekuwa ikitoka kila siku tangu 1960. Tovuti zinakula akiba ambayo karatasi iliweka, na akiba isiyoongezwa huisha.

Halafu kuna swichi. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN, na zikakaa gizani kwa siku kadhaa. Kesho yake magazeti yalikuwa mitaani. Juni 25, 2024, vijana walipoingia Bunge, intaneti ilivurugika nchi nzima. Oktoba 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kwa ajili ya video ya katuni, na mwaka uliofuata, Oktoba 29, siku ya kupiga kura, Watanzania walizimiwa intaneti kwa siku kadhaa. Mtambo wa kuchapa unaweza kufungwa pia, tunalijua hilo, na historia yetu ina mifano. Lakini kumfungia mtu mtambo kunahitaji kwenda mlangoni kwake. Intaneti huzimwa kwa simu moja.

Na shule. Wanafunzi wa bweni Kenya hawaruhusiwi simu. Gazeti lililoko maktabani ndilo dirisha lao, na walimu wa Kiswahili hulitegemea Taifa Leo kwa insha, kwa uchambuzi wa vitabu teule, na kwa lugha inayoandikwa na watu waliolipwa kuiandika vizuri. Wenye gazeti wakilifuta toleo la karatasi, hao ndio watakaolipoteza kabisa, na ndio wasomaji wa miaka thelathini ijayo. The Independent la Uingereza liliacha kuchapa mwaka 2016 likaendelea mtandaoni. London ina uwezo huo. Shule ya kutwa Ngoliba ambayo maktaba yake ni kabati moja haina.

La mwisho ni kumbukumbu, na hili linatugusa kwa karibu. Kwenye mteremko wa Kilimambogo, mlima uleule unaoonekana kutoka Ngoliba, amezikwa Sir William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyekuwa na shamba la Juja. Mkewe, Lucie, alimjengea ukumbusho Nairobi: Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia hadi ukoloni ulipokuwa ukifungasha. Ndani yake yamehifadhiwa magazeti ya Kenya ya miongo mingi, yakiwa yamejalidiwa, mengine yakimeguka ukiyagusa. Shirika la Book Bunk, la Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, limekuwa likiikarabati maktaba hiyo na kuihamishia hazina yake kwenye kompyuta. Karatasi ya miaka tisini inaokolewa na mashine. Wakati huohuo habari iliyoandikwa kwenye tovuti miaka minane iliyopita huenda huipati tena, kwa kuwa kampuni ilibadilisha jina la tovuti, kiungo kikakatika, na hakuna aliyejali. Sheria ya vitabu na magazeti huwataka wachapishaji wapeleke nakala za karatasi kwa msajili. Kwa habari za mtandaoni utaratibu wa namna hiyo bado ni dhaifu. Bunge liurekebishe, na kampuni zisisubiri Bunge.

Je, fedha za mwandishi wa kata zitatoka wapi? Tunajua swali hilo litakuja. Sehemu ipo tayari. Serikali ilipe madeni yake ya matangazo, na kampuni ziahidi hadharani kwamba fungu la malipo hayo litaenda mashinani. Kampuni zinazoshindana kwa habari za Ikulu hazina sababu ya kushindana kwa habari za Thika Mashariki. Mwandishi mmoja anaweza kuajiriwa kwa pamoja na magazeti mawili na redio moja, akalipwa mshahara badala ya sentimita. Shirika la Habari la Kenya, KNA, limekuwa na maafisa mikoani tangu 1963 na habari zake ni mali ya umma. Ziko huko, mara nyingi zimeandikwa kwa ubaridi wa kiofisi, lakini mhariri mzuri huweza kuzipasha moto na kuuliza maswali ambayo afisa wa serikali hakuuliza.

Tusidanganyane kwamba mitandao ya wenyeji itaziba pengo lote. Kurasa za Facebook za Thika na makundi ya WhatsApp ya vijiji huwahi habari kuliko gazeti lolote: ajali, mwizi, mtoto aliyepotea. Kuwahi si kuthibitisha. Msimamizi wa kundi hana mhariri wa kumuuliza umejuaje, wala hana wakili chifu akimwita.

Nafasi ya kuanza ipo. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa yawe yamefika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Kabla ya hapo Kiambu hulipia tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni. Gazeti litakalopata kazi hiyo safari ijayo lianzie hapo: liliweke tangazo wazi, kwa maandishi, kata kwa kata, na Ngoliba iwe na mstari wake wenye siku, saa na jina la ukumbi.